Wasindikizaji Watano

Kijiwe chenyewe ni benchi refu la mbao lililoegemea kibanda cha fundi viatu, kiti kimoja cha kinyozi kilichokatika mgongo, na ndoo iliyopinduliwa kwa ajili ya atakayechelewa. Kahawa huchemka hapo hapo, kwenye jiko la mkaa la mzee mfupi waliyempa jina la Birika, na maneno huchemka pamoja nayo. Mchana ule watu walikuwa wamekaa mapema kuliko desturi yao, na hakuna aliyefungua kazi. Wembe, kinyozi, hakuwa ametundika kioo. Tani, msukuma mkokoteni, aliuacha mkokoteni wake umelala magurudumu juu. Karani, aliyestaafu ofisi ya ardhi miaka sita iliyopita na bado anatembea na kalamu mbili mfukoni, alikuwa anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Fundi Soli peke yake ndiye aliyeshika kazi, kiatu cha mteja, na hicho nacho alikishika tu.

Habari walikuwa nayo tangu asubuhi. Panzi, yule kijana wao wa karakana, amechomwa visu jana jioni chini ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa. Viwili, kimoja cha tumboni. Hospitali wamemshona, lakini hajafumbua macho.

– Mimi siulizi nani kachoma, alisema Karani. Hao tunawajua. Nauliza nani kawapa habari.

– Mlinzi, alisema Wembe. Yule wa karakana. Mtu gani anacheka na kila mtu?

– Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Tani.

– Sasa mlinzi ni nguo yako?

– Nasema tu.

Fundi Soli alikigeuza kile kiatu mkononi. Alikuwa anaukumbuka mlango wa karakana, ule wa mabati ya buluu, na jinsi Panzi alivyokuwa akitoka amebeba miwani ya kuchomelea shingoni kama mtu aliyetunukiwa nishani. Kijana wa miaka kumi na tisa. Miaka minne ya hiyo aliimalizia juu ya ule ukuta, pamoja na kundi linaloketi pale, na jina la Panzi alilipata huko, kwa namna alivyokuwa anaruka kuta za watu. Kisha siku moja alishuka, akaenda mwenyewe kwa Mwalimu.

Mwalimu ni mwanamke aliyeacha kazi ya kufundisha shule akafungua ile karakana kwa ajili ya vijana wanaotaka kutoka makundini. Hufundisha kuchomelea vyuma, na wengi huamini kwamba kazi ndiyo dawa yake. Yeye mwenyewe husema sivyo. Dawa ni siku arobaini za kusindikizwa. Kila jioni, saa kumi na moja, mtu mzima mmoja anamngoja kijana mlangoni na kutembea naye mpaka kwao, kupita chini ya ukuta. Hakuna fimbo wala polisi. Wale wa ukutani hawamgusi mtu aliye na mkubwa ubavuni, na si kwa heshima sana. Mkubwa ana macho, ana mdomo, na huenda anamjua mama yako. Baada ya siku arobaini wanamchoka, wanamsahau. Sita walikwisha pita njia hiyo kabla ya Panzi. Mmoja alisindikizwa na bibi yake mwenye gongo, mwendo wa robo saa ukawa saa nzima, na bibi hakukosa hata siku moja.

Panzi hakuwa na bibi. Mama yake alishona nguo kwenye kiwanda kingine, zamu ya jioni. Ndipo Mwalimu alipofika kijiweni na karatasi yake, yenye mstari mmoja wa jina la msindikizaji.

Fundi alikuwepo, wote walikuwepo. Ilikuwa siku nzuri, na kila mtu alitaka kuwa mwema. Karani aliichukua ile karatasi, akaisoma mara mbili kama ilivyo kawaida yake, akatoa hoja kwamba mtu mmoja anaweza kuugua lakini watano hawaugui siku moja. Wembe akaongeza kwamba mkono mmoja haulei mwana. Tani akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu akawajibu kwamba vidole vinavyovunja chawa huwa vinajuana, na kwamba yeye alitaka jina moja tu. Lakini hakuwa na mtu mwingine. Karani akaandika kwa mwandiko wake wa ofisini, KIJIWE, na chini yake wakatia sahihi watano, wa mwisho akiwa Birika, aliyetia dole gumba lililojaa masizi.

Siku ya kwanza walikwenda wote. Walimweka Panzi katikati kama bwana harusi, na kule juu ya ukuta kukawa kimya, kisha mmoja akashuka kabisa akawaamkia. Walirudi kijiweni wakisimulia hadi giza likaingia. Siku ya tano walikuwa watatu. Wiki ya pili Karani aliahidi kuchora mistari ya zamu, kwa wino mwekundu, na karatasi yenyewe aliikunja akaitia mfukoni.

Jana ilikuwa siku ya ishirini na tatu.

– Mnajua ule mwanga wa kuchomelea? alisema Tani. Unaonekana mpaka ukutani. Ukizimika, wanajua darasa limekwisha. Wanaanza kuhesabu hatua.

– Hesabu gani wanajua wale? aliuliza Karani.

– Mzee, mimi nimebeba saruji miaka ishirini na sijui kusoma. Niulize mzigo nikuambie kilo.

Birika alijaza vikombe. Wembe aliusugua mkono wa kiti chake kwa kidole, halafu akasema la kwake kwa sauti ya chini. Wiki ya kwanza alimnyoa Panzi, akaiondoa ile mistari mitatu ya kisogoni ambayo ndiyo alama ya kundi. Alimnyoa bure. Sasa anajiuliza, zile nywele zilikwenda wapi.

– Ulizifagia wewe, alisema Karani.

– Nilizifagia. Zikaenda jalalani. Na jalalani nani anaokota chupa kama si wale wa ukutani?

– Wembe, acha hayo, alisema Karani.

– Mtu akishika nywele zako ameshakushika. Nilisoma mahali.

– Ulisoma wapi?

– Sikumbuki. Lakini nilisoma.

Katika siku nyingine wangecheka. Fundi aliwaangalia mmoja mmoja, na hakuweza kuwachukia. Aliwajua. Wembe ndiye aliyemlea mtoto wa marehemu ndugu yake bila kuombwa. Tani aliwahi kusukuma mgonjwa usiku kucha kwenye mkokoteni ule ule. Si watu wabaya. Na ndiyo maana walizungumza hivyo, wakizunguka mbali, kwenye mlinzi, kwenye mwanga, kwenye nywele, kama watu wanaoogopa kukanyaga kaa la moto katikati ya chumba. Maana kila mmoja aliyesema alikuwa akimtazama mwenzake kidogo, akisubiri aliyekwenda jana ajitokeze.

Fundi mwenyewe jana alikuwa na buti kwenye kalibu, lile umbo la mguu la kupigilia viatu. Aliisikia saa kumi na moja ikitangazwa redioni. Aliinua macho, akaona kiti cha Wembe hakina mtu, akasema moyoni, Wembe amekwenda. Akapiga msumari mwingine. Baadaye Wembe alitokea upande wa sokoni na pakiti ya nyembe mpya, na Fundi akasema moyoni, basi ni Tani.

– Na nani kamwona? aliuliza Tani ghafla.

– Kamwona nani?

– Panzi. Nani hapa kamwona kwa macho yake pale kitandani? Tumeambiwa. Vijana wangapi wanaitwa Panzi? Huenda ni Panzi mwingine.

Karani alisema kitu kuhusu saa za kuwaona wagonjwa, kwamba asubuhi hawaruhusu. Birika alisema jiko lisingeweza kuachwa. Kisha wakaanza kulipima lile neno la Tani, mwanzoni kwa mzaha, halafu kwa dhati. Wembe akakumbuka kijana mmoja wa mtaa wa juu, mrefu kama Panzi. Karani akasema hospitali hukosea majina, yeye amefanya kazi na majina maisha yake yote. Katika muda wa kikombe kimoja Panzi wao alikuwa amepona kabisa, yuko kwao amelala, na Fundi mwenyewe alijikuta anainama mbele asikie zaidi.

– Hodi jamani.

Alikuwa mwanamke mwembamba, kanga begani, kikapu mkononi, na shingoni bado amening'iniza utepe wa kupimia nguo, kama mtu aliyetoka kazini akasahau kujivua. Hawakuwahi kumwona. Walikuwa wamefika mlangoni kwake siku za mwanzo, lakini saa zile huwa yuko kiwandani.

– Samahani, hapa ndipo kwa wazee wa Panzi?

Karani alisimama akampa nafasi kwenye benchi. Alikataa kukaa, alisema anarudi wodini sasa hivi. Walimwuliza hali, akasema ni vile vile, anapumua. Walimpa pole, mmoja mmoja, na yeye akaitikia kila mmoja. Kisha akahamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule.

– Mimi nimekuja kwa ajili ya yule mwenzenu. Yule aliyekuwa naye jana. Nimezunguka wodi nzima ya wanaume. Nikamwuliza muuguzi, mzee aliyeletwa pamoja na mwanangu yuko wapi? Akasema aliletwa mmoja tu. Nikasema basi kaumia kidogo, kaenda kwake. Sikutaka ipite siku bila kumpa pole. Ni yupi?

Mkaa ulilia jikoni. Tani aliangalia viganja vyake.

– Hakunitajia jina, aliendelea mama, akidhani ndilo linalowakwaza. Kila nikitoka zamu namwuliza, leo umeletwa na nani? Ananiambia, na mzee wa kijiweni. Hata juzi. Alisema, mama, kanifikisha mpaka mlangoni, nimemkaribisha maji, kakataa, anasema anawahi. Nikamwambia wewe, mtu mzima hamuachi aende na kiu hivyo.

Fundi alijaribu kuihesabu juzi. Juzi palikuwa na mvua, na wote watano walijibanza hapa kibandani, tangu alasiri mpaka mvua ilipokatika jioni, wakibishana kuhusu mpira. Alirudi nyuma siku moja zaidi, kisha nyingine, akimtafuta mzee aliyekataa maji. Alipotazama wenzake aliona nao wanarudi nyuma, siku kwa siku, na hakuna mahali walipomkuta. Kumbe kijana alikuwa akingoja mlangoni mpaka mlinzi afunge, halafu anapita chini ya ukuta peke yake, anafika nyumbani, na kuwasitiri wazee wake kwa mama yake.

– Mama, alianza Fundi.

Mama alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na shaka yoyote ndani yake. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likakaa hapo. Hakuna mwenzake aliyelisaidia. Karani alikuwa ametia mkono mfukoni, na Fundi alijua vidole vyake vimegusa nini mle, karatasi isiyo na mstari hata mmoja wa zamu.

– Haya, alisema mama taratibu. Naona hapendi kusifiwa. Watu wazima wa namna hiyo wapo, baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Basi nitawapa pole wote, yeye mwenyewe atajijua.

Akaweka kikapu chini. Alianza na Birika, aliyejifuta mkono kwenye suruali kwanza. Akaenda kwa Tani, kwa Wembe, kwa Karani, ambaye alilazimika kuutoa mkono mfukoni. Kila mmoja mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, kama mtu anayepokea.

Alipofika kwa Fundi Soli, Fundi alikiweka kiatu chini. Kiganja cha yule mama kilikuwa kigumu kwa mkasi, kama chake kwa sindano.

– Pole, baba.

– Nimeshapoa, alijibu Fundi, kwa kuwa hilo ndilo jibu la pole, na mdomo ulilitoa kabla yeye mwenyewe hajauwahi.