Baba Asiyeaminika

Ndani ya basi, msichana wa siti ya mbele yangu aliangalia simu tena.

"Matokeo ya mtihani, mwanangu?" aliuliza aliyekaa kando yake, mama mshonaji mwenye tepu ya kupimia shingoni.

"Afadhali mtihani, mama. Nawaandikia watu maombi ya kuingia kwenye mchezo wa mtandaoni. Kila mchezaji anaigiza mhusika, na lazima mhusika awe na historia. Wasimamizi wakiipenda, mchezaji anaingia."

"Kumbe unawatungia watu uongo."

"Safari hii sikutunga. Mawazo yaliniishia, nikampa mteja kisa cha baba yangu. Alihamia nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa mke mwingine. Asubuhi akitukuta anasema, 'Hamjambo, majirani?'"

Mshonaji aliguna. Nami niliguna, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Wakikubali, mtu nisiyemjua ataitwa mtoto wa baba yangu."

"Na wakikataa?"

Simu ikalia. Akasoma, akacheka bila furaha. "Wamekataa. Eti haiaminiki, baba gani huyo! Nikiandika alikufa, watakubali."

"Utamuua?"

Basi likasimama kituoni kwangu. Nilipopita kando yake, kidole chake kilikuwa juu ya herufi za simu, hakijagusa.