Mzee Hamsini na Karatasi Zilizokunjwa

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mkutubi wetu wa kaunta atapiga muhuri wake wa mwisho, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi katika maktaba hii. Cheo hicho ni cha kwenye fomu tu. Wafanyakazi na wasomaji humwita Mzee Hamsini, na ukimwulizia mlangoni kwa cheo chake unaweza kupelekwa kwa mtu mwingine.

Aliajiriwa kupanga rafu. Kwa miaka sita alisukuma toroli lenye gurudumu lililolia kiasi kwamba wasomaji walijua yuko safu ya ngapi bila kuinua macho. Baadaye aliletwa kaunta, na hapo ndipo amebaki. Mara mbili alipewa ofisi ya juu na mara mbili aliikataa, kwa maelezo kwamba kule ghorofani mtu haoni watu wanatoka na kitabu gani. Kiti chake cha kaunta bado kina sponji iliyojaa kama siku kilipotolewa dukani, maana Mzee hakai. Hupiga muhuri akiwa amesimama, huenda dirishani, hurudi, hunyoosha kitabu kilichonyooka tayari, huenda tena.

Alipoanza kazi, riwaya za fantasia zilikuwa kumi na tisa tu, kwenye rafu ya chini karibu na chumba cha ndoo na madekio, chini ya kibao kilichoandikwa WATOTO. Watu wazima waliona haya. Mtu aliazima kitabu cha ufugaji wa kuku, akakificha chini yake kile cha majoka. Mzee alivigonga muhuri vyote viwili bila kumtazama, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba cha chini ndicho kizuri. Akaomba rafu ihamishiwe mbele. Akaomba kwa miaka minne. Leo rafu hiyo ina vitabu zaidi ya mia sita, na kila Alhamisi saa kumi jioni ina meza yake, ambapo watu hupendekezeana vitabu na kukosana kwa furaha.

Meza hiyo ina sheria mbili, zote za Mzee. Ya kwanza ndiyo iliyompa jina: hakuna kusema kitabu ni kibaya kabla ya kufika ukurasa wa hamsini. Dereva wa lori la kokoto aliwahi kurudisha kitabu kwa hasira akiwa ukurasa wa arobaini na tisa. Mzee alimwonyesha kiti na kumwomba asome ukurasa mmoja tu. Dereva alisoma mpaka tukafunga milango, akatoka bila kuaga, na Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni akitaka juzuu inayofuata.

Sheria ya pili ni ya karatasi. Ukiwa na maoni katikati ya kitabu, unayaandika, unakunja karatasi, unaandika nje namba ya ukurasa uliofika, kisha unaiacha hapo hapo ndani ya kitabu. Anayekuja nyuma yako haruhusiwi kuikunjua mpaka afike ukurasa huo. Hivyo watu wamebishana kwa miaka mingi bila kuharibiana mwisho. Katika kitabu kimoja dereva aliandika, ukurasa wa 88: "Huyu binti mfalme hajala tangu ukurasa wa tatu. Mimi tangu hapo nimekula mara mbili. Mwandishi amwonee huruma." Mwalimu wa hesabu, naye ni mwanachama wa zamani, alimjibu ukurasa wa 140: "Dereva, amekula ukurasa wa 131. Punguza huruma, ongeza umakini." Na ukurasa wa 141, kwa mwandiko mwingine: "Mwalimu wangu, aliyekula ni pacha wake. Rudi nyuma, tena polepole."

Mwandiko huo wa tatu ni wa mdogo wangu. Alikuwa muuza dawa katika duka la ng'ambo ya barabara, na maoni yake aliyaandika kwenye vile vibahasha vya kaki vya kutilia vidonge. Pale panapojazwa kipimo alijaza "kurasa 20 × 2 kwa siku". Alisoma haraka kuliko sote. Riwaya aliyoipenda kuliko zote ni Malango ya Chumvi, juzuu tatu nene, ambayo wengi mezani waliiacha njiani. Mzee mwenyewe aliiacha ukurasa wa hamsini barabara, kama sheria inavyomruhusu, akisema majoka yanayotoa nasaha yanamchosha. Mdogo wangu alimwandama kwa hilo miaka mitatu. Alimwambia mbele za watu kwamba mkutubi anayekimbia joka arudishwe kupanga magazeti. Mzee alijibu kwamba magazeti angalau huisha.

Mwezi wa tatu mwaka huu mdogo wangu alifariki, kwa ugonjwa ulioanza na kumaliza kazi yake ndani ya wiki mbili. Mimi nilikuwa bado juzuu ya kwanza ya Malango ya Chumvi.

Yanayofuata nayaeleza kwa sababu bila hayo wasifu huu hautakuwa wa kweli. Mwezi wa nne lilikuja agizo la kuhesabu vitabu: kila kitabu kifutwe vumbi na karatasi zisizo zake zitolewe. Mimi ni mkarabati wa vitabu, kazi yangu ni gundi na uzi, nayo huifanya nimekaa. Wiki zile sikuweza kukaa. Nilijitolea kufuta rafu zote, nikaenda safu kwa safu, nikikamata kila kitabu kwa mgongo na kukikung'uta juu ya boksi. Mikono ilijua kazi, kichwa hakikuwepo. Nilipoona vibahasha vya kaki juu ya lundo, nilikuwa nimeshakung'uta rafu nzima ya fantasia. Nje ya kila karatasi palikuwa na namba ya ukurasa. Jina la kitabu hapakuwa nalo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulihitaji.

Mzee alikuwa likizo yake ya mwisho, nayo ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Nilimpigia simu jioni ile, na kesho yake asubuhi alikuwa hapa. Alichungulia ndani ya boksi, akasema, "Haya, tumepata kazi," akavua koti.

Aliwaita watu wa Alhamisi na kuweka sharti: hakuna kukunjua karatasi ya kitabu ambacho hujakisoma. Tulichambua kwa miandiko na kwa aina ya karatasi. Dereva huandika nyuma ya hati za kupokelea kokoto, mwalimu kwenye karatasi ya mirabamraba. Aliyekunjua na kukuta mambo asiyoyajua aliikunja upesi na kumpa jirani huku akiapa kwamba hakuona kitu, na jirani akimwambia macho yako yanasema umeona. Baada ya siku tisa boksi lilibaki na vibahasha thelathini na kimoja. Vyote vilikuwa vya Malango ya Chumvi. Juzuu ya kwanza haikukung'utwa, maana ilikuwa nyumbani kwangu na nilikuwa nimeshaimaliza, ila hatukujua kipi ni cha juzuu ya pili na kipi cha ya tatu, na aliyekuwa amezisoma hayupo. Dereva alishauri tuvifungue tu, mambo yaishe. Mwalimu alilisogeza boksi mbali naye.

Yalikuwa maneno ya mwisho ya mdogo wangu niliyobakiwa nayo. Nilitaka nikutane nayo alipoyaweka, na sikuwa na njia.

Mzee alivifunga vile vibahasha kwa uzi wa kushonea vitabu, akaniandikia risiti, akaazima juzuu zote tatu kwa kadi yake. Alianza upya, ukurasa wa kwanza. Kwa wiki saba tulimwona akisoma huku akitembea, kaunta mpaka dirishani, dirishani mpaka ngazini, akiwasemesha majoka kwa kunong'ona. Kila alipofika ukurasa wenye namba alifungua kibahasha, akaamua, akakiweka. Mara nne kibahasha kilikuwa cha juzuu ya tatu naye yuko ya pili, akajiharibia mambo makubwa, na siku hizo hata kumsalimu ilikuwa kazi. Mtu aliyekatiza likizo, aliyebakiza wiki chache kustaafu, alisoma kurasa elfu mbili za hadithi asiyoipenda ili kazi iwe ya haki.

Alhamisi iliyopita alinirudishia juzuu zote, kila kibahasha mahali pake.  Juu ya yaliyomo alikiri tu kwamba joka la juzuu ya tatu lina hoja.

Cha kwanza nimeshakifikia, juzuu ya pili, ukurasa wa 64. Kinasema: "Dada, najua unasoma umesimama jikoni na sufuria inaungua. Kaa chini." Nilikaa. Kwa nje naona pia kwamba ukurasa wa 806 wa juzuu ya tatu una karatasi mbili: kibahasha chake cha mwisho na, pembeni yake, karatasi nyeupe iliyokunjwa, namba ikiwa kwa mwandiko wa kaunta. Mzee ameacha jibu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote na watu wa meza ya Alhamisi: asante, Mzee, kwa miaka thelathini na sita ya kutoturuhusu kuwahukumu waandishi mapema. Tunakuombea afya, macho yasiyochoka na nyumba yenye ukumbi mrefu wa kutembelea. Alhamisi njoo kama msomaji, kadi yako iko tayari. Mimi niko juzuu ya pili, ukurasa wa 118, na nasoma polepole makusudi. Ishi sana, ili siku nitakapofika 806 nikukute na unijibu maswali.