Uji wa Jirani: Risala ya Wanawake wa Brashi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mfuko wetu wa Pensheni, Ndugu Hezroni. Viongozi wa shamba. Na ninyi wastaafu mliowahi viti vya kivulini: wanaostahili shikamoo, shikamooni.

KARIBU KWETU

Sisi wanawake wa idara ya brashi, shamba la mkonge la Kivumbi, tumefurahi umefika. Barabara umeiona mwenyewe, hatutaisimulia. Pilau lipo, na samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wapo.

TULIKOTOKA

Wengi wetu ni watoto wa watu waliokuja huku kukata mkonge kutoka mikoa mbalimbali. Kazi yetu ni kulisha mashine ya brashi singa, yaani nyuzi za mkonge zilizokauka, ili zitoke laini. Vumbi lake tunalala nalo kifuani. Tulivumilia kwa kuwa mwanamke akifikisha miaka hamsini na mitano alikuwa anastaafu, anakwenda zake.

MAFANIKIO

Mashine haijawahi kusimama kwa kukosa mtu. Baadhi yetu tumejenga Lembeni. Mwenzetu Kuluthumu amestaafu salama, wiki moja tu kabla ya kanuni mpya kutusogezea umri wa kustaafu sisi tuliobaki hadi sitini. Yule pale, mwenye kitenge cha njano. Amenenepa. Tunampongeza, ingawa kwa shingo upande.

CHANGAMOTO

Mwenzetu Stumai, ambaye ndiye anayewasomea risala hii, amezaliwa mwaka mmoja na Kuluthumu. Waliajiriwa pamoja, wakasimama mashine moja, na nyumba zao zimetengwa na ua wa minyaa tu. Mume wa Stumai, Mzee Habibu, amestaafu na macho yanamfifia. Stumai akishatoka alfajiri kuja kazini, Kuluthumu, ambaye ni mjane, anavuka ua na uji. Uji wa ulezi, tena wenye sukari.

"Mzee wa watu hana wa kumpikia," anasema, "na mimi nafasi ninayo."

Nafasi anayo kweli, Mgeni rasmi. Ndiyo inayotuuma.

Mtasema ni wivu. Ni wivu, Stumai hakatai. Juzi alirudi jioni anaburuza miguu. Mzee Habibu akasikia hatua mlangoni, akatabasamu. "Karibu, mama Yasmini," akasema. Mama Yasmini ndiye Kuluthumu. Stumai alipitiliza jikoni, akakuta sufuria zake zimeshaoshwa.

MAOMBI

Tunaomba umri urudishwe hamsini na mitano, au angalau sisi tuliokuwa mlangoni turuhusiwe kutoka. Tunaomba pia barakoa za vumbi, maana za sasa ni khanga tunazojifunga usoni. Kama yote hayo hayawezekani, basi Kuluthumu naye arudi kumalizia miaka yake mitano. Nafasi yake kando ya Stumai iko wazi, na aproni yake tumeifua.

Hilo la mwisho wenzake walimwambia Stumai alifute. Amekataa, kwa sababu daktari amesema macho ya Mzee Habibu hayatafika miaka mitano. Stumai anaomba kurudi nyumbani wakati mumewe bado anaweza kuona ni nani amemletea uji.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama, Mgeni rasmi, na anayekupokea mlangoni awe yule yule uliyemwacha asubuhi.

Ni sisi,
Wanawake wa Brashi, Kivumbi