Kachupa ka Byamungu

Capitoline: Haloo? Nani uko apo?

Apolline: Ni mie Apolline, Tantine. Niko hospitali, Mbarara.

Capitoline: Mtoto ya kaka yangu. Papa yako Byamungu amelala je?

Apolline: Ameamuka. Tantine, kale kachupa—

Capitoline: Sikusikii muzuri. Unajua mutandao ya huku kambini Nakivale—

Apolline: Kachupa ka kipande cha ulimi wa papa. Kalilala kwenu Jumapili, mbele ya kukatuma Kampala kupimwa. Nani alikafungua?

Capitoline: Kwani banasema nini?

Apolline: Nyama imeoza. Dawa ya kuichunga haikuwamo. Kulikuwa maji.

Capitoline: Ile dawa ilikuwa inachoma macho, mwanangu. Bamama ba maombi balisema hatuwezi kuombea nyama ya mutu ndani ya sumu. Tukamwanga ile dawa. Tukatia maji ya maombi.

Apolline: Mukafunga tena. Mukanyamaza.

Capitoline: Tulitaka apone.

Apolline: Kipande cha kwanza kilionyesha kansa tu. Hicho cha pili, cha mu kachupa, ndicho bangetafutia alama, bajue ni ya mbio ao ya polepole. Ya polepole, banakata kando kidogo, papa anabaki na kuongea. Ya mbio, banatoa ulimi wote.

Capitoline: Si bakate kingine?

Apolline: Majibu ni wiki tatu, na uvimbe unazidi. Dokta amekataa kungoja. Anakata kama vile ni ya mbio.

Capitoline: Wote?

Apolline: Wote. Leo saa nane.

Capitoline: Na pengine ilikuwa ya polepole.

Apolline: Pengine. (mkwaruzo wa simu) Nina hasira na wewe, Tantine, sijui nitaiweka fasi gani.

Capitoline: Usimwambie ni mie. Nakuomba. Sema chupa ilivunjika mu gari.

Apolline: Simu iko kwa sauti kubwa. Niko naye hapa kitandani.

Capitoline: Kaka? Nisamehe. Sema hata neno moja.

Apolline: Ametikisa kichwa.

Capitoline: Amekataa?

Apolline: Kuongea kunamuuma sana. Mama yangu yuko njiani, amefika Isingiro. Sauti iliyobaki anamuchungia yeye. Tantine, unité za simu zinaisha, tutaonana—

Capitoline: Ngoja, muwekee simu ku sikio. Byamungu, ni Capi. Kohoa basi, nijue umesikia. (mkwaruzo, kisha simu inakatika) Kaka? Haloo?