Kilichoondoka Katikati ya Vidole

Hebu fikiria benchi la mbao mbele ya chumba cha fundi cherehani, watu watatu wamebanana juu yake. Mwenye chumba, waliyemzoea kwa jina la Babu Pindo, amekaa ukingoni na kahawa imempoa mkononi. Mjukuu wake wa kike alizaliwa na vidole viwili vimeungana. Alishapasuliwa, na leo bandeji inatolewa hospitalini. Mama yake bado hajarudi naye.

Wenziwe walikuwa wakimtoa wasiwasi kwa namna yao, yaani kwa kubishana. Antena, fundi redio, alishikilia kwamba mama wa mtoto alilala karibu mno na mnara wa simu alipokuwa mjamzito. Kinyozi, wa tatu wao, akautetea mnara: mtoto alikasirika tumboni, akakunja ngumi, vidole vikagandana. Antena akapanda dau. Labda walikuwa pacha, mmoja akaghairi kuzaliwa, akamwachia mwenzake kidole cha kumshikia.

— Au ni wewe, Babu Pindo, alisema kinyozi. Umeshona mpaka visivyoshonwa.

Wakacheka. Babu Pindo hakucheka. Hilo ndilo lililomnyima usingizi tangu mtoto azaliwe, mpaka daktari alipomweka kitako akamweleza.

— Mkono haushonwi, alisema taratibu. Unakatwa. Tumboni unaanza kipande kimoja, kama mwiko. Halafu kuna protini inapita kati ya seli na ujumbe: ninyi mlio hapo katikati, jiondoeni. Zinakufa, vidole vinaachana. Kwa mjukuu wangu, kuna mahali ujumbe haukufika.

— Mtandao, alidakia Antena. Si nilisema?

— Tulia, wewe. Protini za jamii hiyo huotesha mifupa pia, na kuna watu ujumbe wake unawajia baadaye, pasipo mahali pake. Mfupa unaota ndani ya nyama, mwili unakakamaa.

Antena akakunja na kukunjua vidole vyake.

Ndipo binti yake Babu Pindo akakata kona, mtoto mbele. Kovu lilikuwa bado jekundu. Mtoto akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akakinyoosha kidole kimoja, kisha cha pili peke yake, akamshika babu yake dole gumba akalibana.  Babu Pindo alimtazama binti yake, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, vyote vinafanya kazi.

Mtoto akaugeuza mkono wa babu, akaupanua, akachungulia katikati ya vidole akitafuta kovu.

— Babu, vyako vilikatwa lini?

Kinyozi akatazama viganja vyake. Antena naye akavitazama vyake.  Babu Pindo akawaza vile vipande vya kitambaa anavyofagia chini ya cherehani kila jioni bila kuviangalia, ilhali bila kuvitoa hakuna shati.

— Sikumbuki, mama, alisema. Wala sikuwahi kushukuru.

Nawe leo, ukishika kikombe chako, tazama nafasi iliyo kati ya vidole. Kulikuwa na kitu hapo, kikaondoka ili uweze kushika. Kikumbuke.