Wamama Walionirudisha Ndani ya Ndege

Wapendwa, mniache kwanza nivute pumzi, maana kusimama hapa mbele kunanitisha kuliko nilivyofikiri. Pasta ameniomba nisiongee kwa kirefu. Pasta, pole sana, unanijua.

Mimi ni yule mama anayeuza samaki wa kukausha pale sokoni, mtoto wa wavuvi wa kwenye maporomoko. Nimekuja kushukuru. Lakini ili mjue nashukuru nini, lazima nianzie mbali, kwa papa yangu, baba aliyenizaa.

Papa alikuwa mvuvi wa Wagenia, alitega mitego yake pale maji yanapochemka. Jumapili, tukitoka ibada, alituvalisha nguo za Noeli akatupeleka kiwanja cha ndege. Hatukuwa na safari yoyote! Tulienda kutazama tu. Wazee mlioko hapa mnakumbuka, siku hizo nusu ya Kisangani ilifanya vile. Tulisimama kwenye ua wa waya, tunakula mikate ya mafuta, midomo inang'aa, tunangojea. Ndege ikiteremka tulipiga makofi, na mizigo ikianza kupakiwa papa alinyoosha kidole: "Munaona ile kikapu? Kapiteni, ile samaki kubwa ya leo asubui, iko ndani. Samaki yangu imepanda ndege, miye bado!" Akacheka mwenyewe mpaka kukohoa. Hakupanda ndege hata siku moja mpaka Mungu alipomchukua. Namkumbuka sana papa yangu, jamani. Nikisikia harufu ya mikate namwona amesimama pale, shati limefungwa hadi shingoni.

Bon. Nilipoolewa, marehemu mume wangu alinipeleka Kinshasa kwa ndege. Nilivaa liputa mpya, yaani kitenge cha kutokea, nikajipaka mafuta kama bibi harusi. Tulipokuwa juu nikaweka kidole kwenye dirisha, mto wetu wote ukafunikwa. Nikapiga kelele, "Ona! Nimefunika nyumba ya papa!" Watu wakageuka, mume wangu akaona haya, lakini alikuwa anatabasamu. Baada ya hapo nilipanda mara nyingi, na samaki wangu, na vitenge vyangu. Nilikuwa nalala mule ndani kama mtoto mgongoni. Zilikuwa siku nzuri, sitadanganya.

Mungu alinipa mtoto mmoja tu, binti. Binti alipomaliza sekondari, baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Nikampeleka Kinshasa kwa noko yake, yaani kaka yangu, asome uuguzi. Nikamwacha pale analia, na mimi nikapanda ndege ya kurudi peke yangu, nalia pia. Ndiyo siku hiyo ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa ndege ya helisi, yale mapanga yanayozunguka, moja kila upande. Nilikaa kushoto. Pembeni yangu kulikuwa na papa mmoja, mzee wa Isangi, mtu wa mtoni kama mimi, tunazungumza bei ya chumvi. Chini ni pori tupu. Mara tukasikia "pu!", ndege ikatikisika, na mimi na macho yangu mawili nikaona helisi ya upande wangu inapunguza, inapunguza, mpaka ikasimama. Ndege ikalala kidogo kushoto. Alors, yule papa akaruka juu: "Moteri imekufa! Watu wote ngambo ingine! Ngambo ingine!"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hakuna aliyeuliza kwa nini. Sisi ni watu wa mto. Mtumbwi ukilala upande huu, wewe unahamia upande ule, hata mtoto mdogo anajua. Tulifungua mikanda, tukakimbilia kulia sote! Mama mmoja akakaa juu ya magoti ya padri. Mwingine alikumbatia kiti, hakijui, hakimjui. Mungu wangu! Hotesi, yule dada anayehudumia watu ndani ya ndege, akaja mbio anapiga kelele kwa Kifaransa, hatusikii, kwa Lingala, hatusikii. Mwisho akamshika yule papa kola: "Papa! Ikala chini! Hii hapana mutumbwi!"

Leo mnacheka, na mimi nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Tulirudishwa kwenye viti, tukafungwa mikanda, kisha kimya. Hicho kimya ndicho kiliniharibu. Upande wangu helisi imesimama wima, kama mtu aliyekufa amesimama, na mimi nawaza, mtoto wangu nimemwacha analia na hatanizika. Tulifika Kisangani na moteri moja, tukateremka salama. Watu walibusu lami. Mimi nilikaa chini, wakaniinua.

Kuanzia hapo nikawa mtu mwingine. Ndege ikipita juu ya soko, mikono inaacha samaki. Mara moja nilikata tikiti, nikafika hadi kwenye ngazi ya ndege, miguu ikakataa. Watu nyuma wanasukuma: "Mama, panda!" Nikarudi nyumbani, begi langu likasafiri bila mimi.

Binti akapata mchumba, akaweka siku ya harusi. Nikasema nitaenda kwa mto, kama zamani. Nikapanda balinieri, zile boti kubwa za mbao. Na ukweli, mwanzoni nilifurahi! Moshi wa samaki, wamama wanasongana na sufuria, mitumbwi inatufuata kuuza ndizi, nikajiona mtoto tena. Lakini chini ya mji wa Basoko boti ikapanda mchanga. Tukakaa. Siku zikapita, harusi ikapita. Nilipofika Kinshasa walinionyesha picha kwenye telefoni: familia yote imevaa liputa ya namna moja, na katikati kuna kiti kitupu, wametandika juu yake liputa yangu. Kama ya marehemu. Binti hakuninung'unikia. Afadhali angeninung'unikia.

Kisha mwaka huu akanipigia simu. "Mama, niko na mimba." Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Halafu akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, nani atanikanda?"

Mnajua kwetu. Binti akizaa mara ya kwanza, ni mama yake anayemkanda na maji ya moto, asubuhi na jioni, na kumnywesha supu ya samaki yenye pilipili. Mkwe wangu hana mama, alikwisha kufa. Hakuna mwingine. Na mimba haingoji boti iliyokwama mchanga.

Watu waliniambia, "Usiogope." Wengine, "Imani yako ni ndogo." Pasta, na wewe ulisema, usiangalie pembeni! Ndugu mmoja wa kanisa hili anayefanya kazi kiwanjani alikuja kunieleza vizuri kwamba ndege ya moteri mbili imetengenezwa iweze kufika na moja, na rubani anajifunza hilo tangu shule. Namshukuru. Kichwa kilikubali. Tumbo likakataa.

Ndipo wamama wa kwaya wakanichukua. Baada ya kufagia kanisa, walipanga mabenchi haya haya mistari miwili, na njia katikati. Wakanikalisha, wakanifunga tumboni na kitenge, huo ndio mkanda. Mama mmoja, yule muuzaji wa kwanga, ile mikate ya muhogo, mwenye sauti, akajifanya hotesi. "Mesdames et messieurs, tuko tunapanda! Mwenye kusimama, nitamunyima limonadi!" Wote wakavuma kwa midomo, "vuuu". Nilicheka hadi machozi. Tukafanya tena wiki iliyofuata, na nyingine.

Siku moja hotesi wetu akatangaza: "Moteri ya kushoto imekufa! Munafanya nini?" Wenzake wakajibu, "Tunaikala!" Na wale wa upande wa kushoto wakaacha kuvuma. Ni nusu tu ya sauti iliyobaki. Ndugu zangu, ule ukimya ukanirudia wote. Pale kwenye benchi nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia siku ile ndani ya ndege. Nililia mtoto wangu, mume wangu, kile kiti kitupu. Na wamama hawa hawakuniambia usiogope. Hawakuniombea kwa makelele. Walifungua vitenge walivyojifunga kama mikanda, wakasogea, wakanikalia karibu, huku na huku, mabega yao kwenye mabega yangu, wakaendelea kuvuma polepole na ile moteri moja. Mpaka nikachoka kulia. Halafu muuzaji wa kwanga akasema, "Bon, tumefika. Muteremuke." Na kweli nilisikia kama nimeteremka.

Nilipanda ndege. Walinisindikiza, wakaimba kwenye waya mpaka polisi akawauliza kuna maiti ya nani. Mule ndani niliogopa tangu kuruka hadi kutua, nisiwadanganye. Niliogopa nimekaa, mkanda umefungwa, navuma kidogo kidogo. Jirani yangu alidhani mimi ni mgonjwa.

Nilimkuta binti bado na tumbo lake. Alinifungulia mlango, akaangalia nyuma yangu kama anatafuta mtu mwingine, kisha akashika uso wangu. "Ni weye? Umekuja na ndege?" Nikasema, "Na ndege." Akakaa chini mlangoni, akalia. Uchungu ulipokuja nilikuwa pale. Nilimkanda kwa mikono hii. Mjukuu ni wa kike, ana sauti ya muuzaji wa kwanga.

Sasa somo langu, nami nakaa. Mtu mwenye woga msimwambie asiogope, hilo ameshajiambia mwenyewe mara nyingi. Mkalieni karibu. Wamama wangu wa kwaya, simameni kidogo watu wawaone. Simameni! Asanteni. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Na wewe mama hotesi, umeniruhusu niseme, basi nasema. Mjukuu atabatizwa Kinshasa, na tumemchagua huyu mama awe mama yake wa ubatizo. Tutasafiri pamoja. Jana amekuja nyumbani kwangu, ameshika kikapu chake, akaniambia kitu ambacho hakuna aliyejua: huyu aliyetufundisha sisi wote kukaa ndani ya ndege hajapanda ndege maisha yake yote. Na usingizi umemkimbia, anaogopa.

Nilivuta benchi yangu, nikaiweka pembeni yake.