Dada Pembetatu Anaweka Sindano Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya ushonaji ya uwanja wetu wa michezo, Dada Pembetatu anastaafu. Jina hilo alibandikwa alipoajiriwa, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona vibendera vya pembe tatu. Leo ana wajukuu, lakini jina limekataa kupanda cheo.

Vibendera vyake vimepamba harusi, mahafali na fainali. Kuna mwaka kitambaa chekundu kilimwishia, na sherehe ni kesho. Meneja alikuwa safarini. Mapazia ya ofisi yake yalikuwa mekundu. Aliporudi na kusimama kuhutubia, aliyasifu sana mapambo, kisha akayatazama tena, akapoteza mstari wa hotuba. Mpaka leo dirisha lile halina pazia. Meneja anasema amezoea mwanga.

Lakini kilichomjengea heshima ni fainali ya watani wa jadi, mtaa wa juu na mtaa wa chini. Wa juu walitaka uwanja mzima uwe kijani. Wa chini wakaapa hawatacheza wasipoona njano tupu. Asubuhi ya mechi viongozi wao walivamia karakana, wakamkuta ameshazishona rangi zote mbili, kwa kupokezana, kwenye kamba moja. Wakafoka. Hakuwabembeleza. Aliwasogezea mkasi, akasema, "Kateni. Ila kamba ni hiyo hiyo. Ya mwenzako ikianguka, na yako itaburuzwa."

Walitazamana. Mkasi haukuguswa, na mechi ikachezwa.

Manahodha walibadilishana vibendera alivyowadarizia, kama ilivyo ada. Mtaa wa chini walifungwa, na nahodha wao akaondoka na kibendera cha kijani badala ya kombe. Wiki iliyofuata alikipeleka mtaa wa juu, eti kimefumuka. Dada wa nahodha wa huko akakishona, taratibu kuliko ilivyohitajika. Harusi yao ilipambwa kijani na njano, na watani wakala sahani moja.

Dada Pembetatu, ahsante kwa kutuonyesha kwamba bila shamrashamra, ushindani ni ugomvi tu. Tunakuombea afya, macho ya kutunga uzi bila miwani, na mapumziko ya kweli. Miaka yote hii umekuwa ukitazama kamba zako zisilegee. Jumamosi njoo jukwaani, tumekuwekea kiti. Sasa utazame mpira.